Draiva Ihesabu Mwanga, Isituamulie

Ukichomoa kompyuta mpakato kwenye umeme, mara nyingi mwanga wa skrini hushuka, na kwenye baadhi ya mashine rangi nazo hupauka. Wenye mashine hudhani kioo kimechoka au betri imeanza kufa. Huenda sababu ni nyingine. Ndani ya chipu ya picha kuna sehemu ndogo inayohesabu kila pikseli inayoelekea kwenye skrini na kuzigawa zote katika makundi, kuanzia nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Hesabu hiyo ndiyo histogramu, na chipu za Intel huigawa katika makundi 32. Kazi yake kubwa hadi leo imekuwa kuamua taa iliyo nyuma ya skrini ipunguzwe kiasi gani ili kuokoa betri. Teknolojia yenyewe ina umri mkubwa. Kipya ni mjadala wa wahandisi wa kerneli ya Linux, moyo wa mfumo ule ambao simu zote za Android zimejengwa juu yake: draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha chipu ya picha, iitoe vipi hesabu hiyo kwa programu nyingine, na ikishatoka, nani awe na kauli ya mwisho juu ya mwanga. Wapo watakaosema hayo ni ya mafundi, tuwaachie wao. Mimi naona yanamhusu kila anayetazama skrini, na msimamo wangu ni huu: draiva ihesabu, ieleze bayana imehesabu nini, kisha iishie hapo.

Akiba ya betri hupatikana hivi. Skrini ya LCD haina mwanga wake; nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na pikseli hufungua au kuziba njia ya mwanga huo. Picha ikiwa ya giza, taa huwaka bure huku pikseli zikihangaika kuizuia. Kwa hiyo taa hushushwa hadi, tuseme, asilimia 70, halafu pikseli zikafunguliwa zaidi ili kufidia. Pikseli iliyohitaji nusu ya mwanga wote itaupata uleule wa mwanzo, na jicho halitagundua lolote. Inayoumia ni ile iliyohitaji zaidi ya asilimia 70. Hiyo haiwezi kufunguliwa kupita ukomo wake, hivyo itafifia, na zote za aina yake zitafanana, tofauti ndogondogo zilizokuwa kati yao zikiwa zimefutika. Histogramu husema ni ngapi zitaumia. Zikiwa chache taa inashushwa, zikiwa nyingi inaachwa. Kwa mashine ambayo skrini ni miongoni mwa walaji wakubwa wa betri, hasa mtu anaposoma au kuandika tu, akiba hiyo si ya kubezwa. Hakuna anayedai chipu ziache kuhesabu.

Kasoro ya histogramu ni kwamba inajua idadi lakini haijui mahali. Chukua picha yoyote, uchanganye pikseli zake ovyo mpaka isibaki sura wala umbo, na histogramu yake haitabadilika hata kwa pikseli moja. Mwandishi wa programu anayefanya kazi kwenye dirisha jeusi lenye herufi nyeupe ana sehemu ndogo tu ya pikseli zake 2,073,600 (hizo ndizo za skrini ya 1920 kwa 1080) zinazong'aa, lakini hizo chache ndizo pekee anazozitazama. Picha ya eksirei iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya kawaida huwa na eneo kubwa jeusi, na tofauti inayotafutwa huenda iko katika weupe wa mfupa. Filamu ya usiku yenye taa za barabarani kwa mbali inaweza kutoa hesabu inayokaribiana na hizo, na pale kweli mtazamaji hatapoteza kitu taa ikishuka. Hesabu moja, hukumu tatu tofauti. Karani wa sensa hutuletea idadi ya watoto wa kila kata kwa umri wao, na ni kazi ya thamani. Lakini hatumwachii aamue shule ijengwe wapi, kwa kuwa daftari lake halioneshi mto wala barabara.

Ndani ya kompyuta ya leo yupo anayeijua ramani hiyo. Ni kompozita, yaani programu inayochukua madirisha yote na kuyaunganisha kuwa picha moja ya skrini. KWin ya mazingira ya KDE na Mutter ya GNOME ni mifano inayotumika sana. Kompozita inajua dirisha lipi liko mbele, kama ni filamu au ni programu ya kuhariri picha, na kama mwenye mashine amechagua kuokoa betri au kulinda rangi. Draiva haijui hata moja kati ya hayo, na chipu ndiyo kabisa. Kumpa mamlaka asiye na habari, wakati mwenye habari amekaa hatua moja tu juu yake, ni mpango mbovu hata kama asiye na habari ni hodari wa hesabu.

Matokeo ya mpango huo tumekwisha kuyaona. AMD ina mfumo wake wa kushusha taa kulingana na picha, na uamuzi hufanyika ndani ya chipu yenyewe. Mwaka 2024 Linux ilipata njia mpya ya kuweka kiwango cha mfumo huo, na programu inayosimamia matumizi ya umeme ikaanza kuupandisha mashine inapokuwa kwenye betri. Muda si mrefu watumiaji wakalalamika kwamba rangi zimepauka, na wengi wao hawakujua chanzo. Mwaka huohuo kikabuniwa kipengele ambacho kompozita ingekitumia kuitaka draiva ilinde usahihi wa rangi; kikaingizwa kwenye kerneli, kisha kikaondolewa kwa sababu masharti ya kuongeza kipengele kipya hayakuwa yametimizwa. Upande wa Windows mambo yalikwenda njia hiyohiyo: kwa miaka mingi waliokerwa na mwanga unaopanda na kushuka wenyewe walikuwa wakichimba mipangilio ya draiva kutafuta pa kuuzima, mpaka Windows 11 ilipowawekea swichi kwenye ukurasa wa mwanga wa skrini. Swichi ni bora kuliko kukosa. Lakini ukiitazama vizuri, ni kiraka kilichobandikwa juu ya uamuzi uliofanyiwa mahali pasipostahili.

Mapendekezo ambayo wahandisi wa Intel wamekuwa wakiyapeleka kwa wasimamizi wa DRM, sehemu ya kerneli inayohusika na grafiki, yana umbo ninalolitetea: hesabu inatoka kwa draiva, programu ya nje inaifanyia kazi, na jedwali la kurekebisha mwanga linarudi kwenye chipu. Hilo nalipongeza. Ila umbo zuri halitoshi kama maelezo ya kilichomo ni hafifu, na hapa ndipo ningependa watu wawe wakali zaidi kuliko wanavyokuwa kwa kawaida.

Tuchukue swali linaloonekana jepesi kupita yote: mwanga wa pikseli ni nini? Baadhi ya chipu huchukua iliyo kubwa kati ya nyekundu, kijani na bluu na kuiita ndiyo mwanga. Viwango vya televisheni hupima kwa uzito wa jicho la binadamu: katika kiwango cha Rec. 709, nyekundu huchangia 0.2126, kijani 0.7152 na bluu 0.0722. Jaza skrini kwa bluu tupu. Kwa kipimo cha kwanza pikseli zote zitaangukia kundi la 32, la juu kabisa. Kwa kipimo cha pili zitaangukia kundi la tatu kutoka chini. Skrini ni ileile, rangi ni ileile, na programu isiyojua imepewa hesabu ya aina gani itatoa uamuzi wa kinyume. Kipimo cha kwanza kina sababu nzuri, kwa kuwa taa ikishuka bluu iliyofunguliwa hadi mwisho haina pa kufidia. Sibishani na chaguo. Nabishana na kunyamaza.

Kisha kuna mahali ambapo hesabu inafanyika. Picha hupita hatua kadhaa kabla ya kufika kwenye kioo: inageuzwa rangi, inapitishwa kwenye majedwali ya kurekebisha mwanga, inapunguzwa au kukuzwa ukubwa. Ukihesabu kabla ya jedwali utapata jibu moja, ukihesabu baada yake utapata lingine. Aina ya usimbaji, yaani jinsi mwanga unavyoandikwa kwa namba, nayo ina neno. Katika picha ya kawaida ya sRGB, thamani iliyo katikati ya kipimo humaanisha takriban asilimia 21 ya mwanga wa juu. Katika usimbaji wa PQ unaotumika kwa picha za HDR, ambao kilele chake ni kandela 10,000 kwa mita ya mraba, thamani hiyohiyo ya katikati humaanisha kama kandela 92, yaani chini ya asilimia moja ya kilele. Kundi la 16 la leo na kundi la 16 la kesho, filamu ya HDR ikifunguliwa, ni vitu viwili visivyofahamiana. Hata ukubwa wa namba una mtego wake. Kaunta ya biti 24 hufika 16,777,215 na kugota. Kwa skrini ya 4K yenye pikseli 8,294,400 inatosha. Kwa ya 8K yenye pikseli 33,177,600, picha moja nyeusi tupu inaijaza na kuivuka. Kiolesura, yaani njia ya draiva kuzungumza na programu, kiseme kaunta ikijaa inasimama au inaanza upya kutoka sifuri, maana tofauti kati ya hayo mawili ni tofauti kati ya hesabu pungufu na hesabu ya uongo.

Ukali huu wote una sababu. Kerneli ya Linux ina kanuni inayofahamika sana: kilichokwisha kutolewa kwa programu za nje hakivunjwi. Kiolesura kibaya kikipita hakiondoki. Wajukuu wa waliokiandika watakitunza. Ndiyo maana wasimamizi wa DRM hudai kila kipengele kipya kije na programu halisi, yenye msimbo wazi, inayokitumia, kabla hakijakubaliwa. Anayeona masharti hayo ni urasimu atazame kiolesura cha zamani cha taa ya skrini katika Linux. Kinatoa namba kati ya sifuri na ukomo fulani, na kiko kimya juu ya mengi. Namba hiyo haina kizio. Mara nyingi haielezwi kama nusu ya namba ni nusu ya mwanga. Sifuri kwenye mashine moja ni mwanga hafifu, kwenye nyingine ni giza totoro. Hakisemi wazi taa ipi ni ya skrini ipi, na mashine moja ikiwa na taa mbili zilizosajiliwa, programu hubaki kubahatisha. Kila mazingira ya Linux yamelazimika kuandika msimbo wa kukisia, na jitihada za kuhamishia kazi hiyo mahali pazuri zaidi zimekuwa za polepole mno. Waliokibuni hawakuwa wajinga. Walidhani namba tupu inajieleza.

Wapo waliokwisha kufanya vizuri zaidi. Android 10, iliyotoka mwaka 2019, iliwawekea watengenezaji wa simu amri za kuchukua sampuli ya kilichooneshwa kwenye skrini. Kabla ya kuomba hesabu, mfumo huuliza chipu: unaweza kuhesabu vijenzi vipi vya rangi, katika umbizo gani, katika nafasi gani ya rangi? Majibu yakirudi huja na idadi ya fremu zilizohesabiwa. Hakuna mahali katika mazungumzo hayo ambapo chipu inaamua jambo. Upande wa kamera na video za Linux, kipimo cha histogramu kilichomo kwenye chipu za Renesas kiliingizwa mwaka 2017 kikiwa na umbizo lake lililoandikwa wazi kwenye nyaraka za kerneli, likieleza kama makundi ni 64 au 256 na kila namba imekaa wapi. Ni mifano miwili kutoka pande zisizohusiana, na zote zimefikia mgawanyo uleule wa kazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la watengenezaji: wao ndio wanaoijua skrini, wameipima maabara, wanajua taa yake inavyojibu, kwa nini waiachie programu ya watu wa nje ambao hawajawahi kuigusa? Ni kweli wanajua. Lakini wanachokijua ni tabia ya kioo, na tabia hiyo inaweza kuandikwa: jedwali la mwanga kwa kila kiwango cha taa, kasi inayovumilika bila jicho kuona mtikisiko. Wakitaka, watoe pia kanuni yao ya kukokotoa kama maktaba inayoweza kuitwa na kompozita yoyote. Wasichokijua ni nini kiko mbele ya mtumiaji saa hiyo. Tena, mambo ya skrini yanabadilika. Skrini ya OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli hujiwakia, na kushusha taa ambayo haipo ni upuuzi. Hesabu ileile, hata hivyo, inafaa kwa OLED kukadiria umeme utakaotumika, na inafaa kwa skrini yoyote kupanga picha ya HDR iingie kwenye kioo dhaifu au kuongeza usomekaji chini ya jua kali. Uamuzi ukifungwa ndani ya chipu, unafungwa pamoja na matumizi moja. Hesabu ikitolewa, inabaki na matumizi ambayo bado hayajafikiriwa.

Wengine husema kinyume: kama kompozita ndiyo mwamuzi, basi ihesabu yenyewe, draiva ipumzike. Gharama inakataa. Picha ya 1920 kwa 1080 kwa baiti nne kila pikseli ni baiti 8,294,400, na kwa fremu 60 kila sekunde ni karibu megabaiti 498 za kusomwa upya kwenye kumbukumbu kila sekunde, kwa kazi ambayo lengo lake ni kuokoa umeme. Chipu inazihesabu zikiwa zinapita tu kuelekea kwenye kioo. Zaidi ya hapo, video wakati mwingine hupelekwa moja kwa moja kwenye skrini bila kompozita kuigusa, na hapo haina cha kuhesabu.

Nakubali kwamba mpangilio ninaoutetea una gharama yake. Programu ikiamshwa mara 60 kwa sekunde kusoma namba 32, akiba yote inaweza kuliwa na kuamshwa huko. Mbaya zaidi, kompyuta mpakato nyingi zina skrini zinazoweza kujionyesha picha isiyobadilika huku chipu ikilala, na kiolesura kinachodai hesabu ya kila fremu kingeinyima usingizi huo. Dawa ipo na haihitaji kurudisha mamlaka kwenye chipu: programu iseme mapema kiasi cha mabadiliko kinachostahili taarifa, na chipu inyamaze mpaka kifikiwe. Chipu za Intel tayari zina kizingiti cha namna hiyo. Kompozita ijue pia kuwa hesabu inayopokea ni ya fremu iliyokwisha kupita. Kwenye filamu inayoruka kutoka usiku kwenda mchana, marekebisho yatachelewa walau fremu moja, na kuyalainisha ni kazi yake.

Limebaki suala la faragha, ambalo halizungumzwi inavyostahili. Namba 32 hazioneshi sura ya mtu, lakini zikisomwa mfululizo zinaweza kusaliti filamu inayotazamwa au dirisha lililofunguliwa. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwa shambulio lililoitwa GPU.zip kwamba hata jinsi chipu za picha zinavyobana data kimyakimya inaweza kuvujisha pikseli za tovuti nyingine kupitia kivinjari. Mwenye nia mbaya hahitaji dirisha kubwa, tundu linamtosha. Kwa hiyo histogramu isiwekwe kwenye faili inayosomwa na programu yoyote ya mashine. Apewe yule tu anayeidhibiti skrini kwa wakati huo, yaani kompozita, ambayo pikseli nyingi inaziona hata bila histogramu. Palipo na filamu yenye ulinzi wa hakimiliki, ambayo hata kompozita hairuhusiwi kuiona, kiolesura kitamke kama hesabu itasimama au itaendelea. Kukaa kimya ni kuacha kila draiva ijiamulie.

Mapendekezo ya kerneli ya Linux hujadiliwa hadharani, na mwanafunzi wa kompyuta wa Dodoma au Nairobi anaweza kuyasoma na kuyajibu sawasawa na mhandisi mwenye mshahara. Akifanya hivyo, alitazame pendekezo lolote la histogramu kwa maswali matatu: limetaja kipimo cha mwanga, limetaja mahali pa kuhesabia, limetaja mwenye ruhusa ya kusoma? Likikosa moja, lirudishwe kwa walioliandika, hata kama msimbo wake unafanya kazi.